Kifurushi cha Masasisho Kisicho Rasmi: Kilichomo na Kinachokosekana

Kifurushi cha masasisho kisicho rasmi ni mkusanyiko wa viraka vya mfumo endeshi ulioandaliwa na watu wasio watengenezaji wa mfumo huo. Viraka vyenyewe kwa kawaida vimetoka kwa mtengenezaji, kimoja kimoja, kwa muda wa miaka kadhaa. Kazi ya mwandaaji ni kuvikusanya, kuvipanga kwa mfuatano, kuvitia ndani ya faili moja na kuandika programu ndogo itakayovisakinisha kwa mkupuo. Mara nyingi mwandaaji ni mpenzi wa kompyuta asiyelipwa, anayejulikana kwa jina la bandia, pengine akisaidiwa na wenzake walio nchi nyingine. Windows 98 ilikuwa na kifurushi cha aina hii. Windows 2000, ambayo Microsoft iliishia kuitolea Service Pack 4, yaani kifurushi rasmi cha nne, ilipata ya tano kutoka kwa watumiaji wake. Windows XP, ambayo Service Pack yake rasmi ya mwisho ni ya tatu, ya mwaka 2008, ilitengenezewa ya nne na mtaalamu mmoja wa Ugiriki aliyeianza mwaka 2013.

Sababu za watu kuvitaka vifurushi hivi ni za kweli na hazistahili kubezwa. Kompyuta ya Windows XP iliyosakinishwa upya kwa CD ya Service Pack 3 mwanzoni mwa 2014 ilihitaji masasisho zaidi ya mia moja ili iende na wakati, na njiani ilitaka kuwashwa upya mara kadhaa. Windows 7 ikaja kuwa na shida yake: kule kutafuta tu masasisho, kabla ya kuyashusha, kungeweza kuchukua saa nyingi huku feni ikivuma. Mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa bando, kila mashine ikivuta gigabaiti zake peke yake ni gharama isiyobebeka kwa mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Fundi wa Kariakoo, au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi, anayepiga Windows kwenye mashine nyingi kwa siku, hana muda wa kusubiri. Flashi moja yenye kila kitu humaliza kazi kabla mteja hajarudi kutoka kunywa chai. Kisha ipo sababu ya tatu, na hii ndiyo yenye mvuto mkubwa kuliko zote: mtengenezaji akiisha kuutupa mfumo, kifurushi cha jumuiya huonekana kuwa njia pekee ya kuirefushia mashine maisha.

Si vifurushi vyote vilivyo sawa, na anayevitia vyote kapu moja hukosea pande mbili: hukataa vilivyo salama na hupokea vilivyo hatari. Vipo ambavyo havibebi kiraka chochote. Hivyo ni orodha na maelekezo tu, na vinapoendeshwa huenda kwenye seva za mtengenezaji na kushusha faili halisi kutoka huko. Vipo vinavyobeba faili rasmi zikiwa kama zilivyotoka, bila kuguswa. Na vipo ambavyo mwandaaji amezifungua faili hizo, akabadilisha baadhi, akaongeza zake, akaondoa alizoona hazina maana, kisha akafunga upya. Kwa macho, aina zote tatu zinafanana: faili moja yenye jina la kuvutia na dirisha lenye mstari wa kijani unaojaa polepole. Tofauti iko ndani, na hatari hukua kadiri mtu anavyotoka aina ya kwanza kwenda ya tatu.

Swali ambalo wengi huuliza ni kama kifurushi kina virusi. Ni swali halali, lakini si la kwanza. La kwanza ni kama kila kitu kilichomo kinaweza kufuatiliwa hadi kilikotoka, na la pili ni kama kinaweza kuondolewa kikileta matatizo. Kifurushi kilichoandaliwa na mtu mwaminifu kabisa, asiye na nia mbaya hata chembe, kinaweza kushindwa yote mawili. Ni sawa na vidonge vilivyotolewa kwenye maboksi na kuchanganywa katika mfuko mmoja wa nailoni: kila kimoja huenda ni halisi, lakini jina la kiwanda na tarehe ya mwisho vimebaki kwenye maboksi.

Namna mwaminifu anavyoweza kukosea huonekana vizuri katika masasisho ya Windows XP yenyewe. Ndani ya faili moja ya kiraka cha XP kulikuwa na matoleo mawili ya faili zilezile, kila moja katika folda yake. Folda ya kwanza, yenye herufi GDR, ilikuwa na toleo la watu wote: marekebisho ya usalama na mambo mazito tu, yaliyojaribiwa kwa upana. Folda ya pili, yenye herufi QFE, ilikuwa na marekebisho hayo pamoja na mengine mengi madogomadogo yaliyofanywa kwa ajili ya wateja wachache waliolalamikia tatizo fulani. Hayo hayakupimwa kwa kiasi kilekile, na Microsoft iliwapa waliouliza tu. Programu ya kusakinisha ilichungulia mashine na kuchagua folda inayofaa. Faili ikishaingia mkondo wa QFE, masasisho yaliyofuata ya faili hiyo nayo yaliendelea na mkondo huo.

Waandaaji wengi wa vifurushi hupenda toleo lenye namba kubwa zaidi, na hapo ndipo kosa huanzia. Kifurushi kile cha nne cha XP, kisicho rasmi, kilijumuisha wazi marekebisho yale ya kutolewa kwa maombi tu. Kwa mpenzi wa kompyuta huo ni ukamilifu: hakuna kilichoachwa. Kwa mhasibu anayetaka mashine iwake asubuhi na ichapishe ankara, maana yake ni kwamba mamia ya faili za mfumo wake zimehamishiwa kwenye mkondo ambao mtengenezaji mwenyewe hakuwashauri watu wote waupite. Printa ikianza kukataa kazi, hakuna njia ya kujua ni badiliko lipi kati ya mamia hayo limesababisha. Katika sasisho la kawaida kuna utambulisho wa Microsoft wenye herufi KB na namba yake, na mtu huweza kuliondoa hilo moja, akajaribu tena. Katika kifurushi, na zaidi pale kilipounganishwa moja kwa moja kwenye CD ya kusakinishia, kiraka hakiondoki: kimekuwa sehemu ya mfumo tangu siku ya kwanza.

Ujanja mwingine uliopata umaarufu mkubwa ulihusu mashine za kukusanyia malipo dukani. Microsoft ilisitisha msaada wa XP ya kawaida tarehe 8 Aprili 2014, lakini toleo ndugu lililotengenezwa kwa ajili ya mashine za kaunta, POSReady 2009, liliendelea kupata masasisho hadi Aprili 2019. Mwezi Mei 2014 watu waligundua kwamba kuongeza thamani moja tu kwenye rejista ya Windows kulitosha kuifanya XP ya nyumbani ijitambulishe kama mashine ya kaunta, na masasisho yakaanza kumiminika. Vifurushi vya jumuiya viliyachukua hayo vikayaingiza. Microsoft ilionya mapema kuwa masasisho hayo hayakupimwa kwenye XP ya kawaida wala hayailindi kikamilifu. Kwa miaka kadhaa onyo hilo lilionekana kama kelele za mfanyabiashara anayetaka kuuza toleo jipya, maana mashine nyingi zilikwenda vizuri tu. Ukweli wa onyo ulikuwa katika neno kupimwa. Sasisho ambalo halikupimwa kwenye mashine ya aina fulani linaweza kufanya kazi mara tisini na tisa, na mara ya mia hakuna wa kupigiwa simu.

Maunzi ya zamani nayo yana mtego wake. Mwezi Machi 2018 masasisho rasmi ya Windows 7 yalianza kuangusha mashine zenye prosesa zisizokuwa na maelekezo yaitwayo SSE2, kama vile Pentium III na Athlon XP. Mashine ilifika skrini ya buluu, basi. Mwanzoni Microsoft iliahidi kutafuta dawa, lakini baada ya miezi michache ikabadili maelezo na kuwaambia wenye prosesa hizo watafute mashine mpya. Anayesasisha kwa njia rasmi angeweza kusoma habari hiyo kwenye ukurasa wa sasisho husika na kuliruka. Anayeendesha kifurushi cha mkupuo hupewa vyote kwa pamoja, na mashine za zamani kiasi hicho ndizo hasa ambazo vifurushi hivi hutengenezewa.

Aina ya tatu, ile yenye faili zilizobadilishwa, inahitaji uangalifu wa peke yake. Wakati wa XP ilikuwa desturi kubadilisha faili iitwayo uxtheme.dll ili Windows ikubali mapambo ya skrini yasiyo na saini ya Microsoft, na kubadilisha tcpip.sys ili kuondoa kikomo cha miunganisho kumi iliyokuwa ikisubiri kukamilika, kikomo kilichowekwa na Service Pack 2 mwaka 2004 ili kupunguza kasi ya minyoo ya mtandaoni. Baadhi ya vifurushi viliyaingiza mabadiliko ya namna hii kama zawadi. Mtumiaji aliyetaka usalama alipewa, bila kuulizwa, mfumo ambao kinga yake moja imeng'olewa. Faili iliyobadilishwa hupoteza saini ya kidijitali ya mtengenezaji, na tangu hapo hakuna chombo kinachoweza kutofautisha badiliko la mpenda mapambo na badiliko la mwizi.

Kwenye Windows za biti 64, kuanzia Vista, draiva isiyo na saini haipakiwi kwenye kiini cha mfumo. Kifurushi chenye draiva kama hiyo hulazimika kumwomba mtumiaji azime ukaguzi huo. Dalili yake huonekana wazi: maandishi ya "Test Mode" kwenye kona ya chini kulia ya skrini, juu ya saa, na yanabaki hapo siku zote. Mashine inayotumika kwa benki ya mtandaoni na ina maandishi hayo haifai kuendelea na kazi hiyo.

Uovu wa makusudi upo, na mifano yake si ya kubuni. Mwaka 2022 kirusi cha kudai fidia kiitwacho Magniber kilisambazwa kikiwa kimejivika sura ya sasisho la Windows 10. Aliyekibofya alikuta nyaraka zake zimefungwa. Desemba mwaka huohuo kampuni ya Mandiant ilieleza jinsi faili za kusakinishia Windows 10 kwa lugha ya Kiukraini, zilizowekwa kwenye torenti, zilivyotumika kupeleleza ofisi za serikali ya Ukraine. Faili hizo zilizima taarifa za usalama ambazo Windows huzituma Microsoft, zikazuia na masasisho ya moja kwa moja. Juni 2023 kampuni ya Doctor Web ya Urusi ilikuta matoleo ya Windows 10 ya torenti yaliyoficha programu hasidi ndani ya kizigeu cha EFI, mahali padogo panapotumika wakati wa kuwasha mashine, ambapo antivirasi nyingi hazina mazoea ya kupachungulia. Kazi yake ilikuwa moja: mtu akinakili anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali, programu hubandika anwani ya mwizi. Wakati taarifa hiyo inatolewa, wezi walikuwa wamekwisha kuvuna takriban dola 19,000.

Jina zuri la mwandaaji si kinga kamili pia, kwa sababu kati yake na mtumiaji kuna seva, na seva huvunjwa. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint, mradi unaoheshimika, ilivunjwa, na kiungo cha kushusha toleo la 17.3 kikaelekezwa kwenye nakala yenye mlango wa uani. Walioshusha siku hiyo walikuwa wamekwenda mahali sahihi kabisa. Mei 2020 seva za LineageOS, mfumo mbadala wa simu za Android, nazo ziliingiliwa, ila funguo za kutia saini zilikuwa zimewekwa mbali na seva hizo, na mradi ukaweza kuwaambia watumiaji kuwa matoleo yao hayakuguswa. Miradi yote miwili ni ya jumuiya na ya watu waaminifu. Kilichoiokoa LineageOS ni mahali pa kuwekea ufunguo, jambo ambalo mwandaaji wa kifurushi anayefanya kazi peke yake sebuleni kwake mara nyingi hata halifikirii.

Hatari inayosahaulika kuliko zote ni kwamba kifurushi hakiitwi kurudi. Watengenezaji rasmi hukosea, na hukosea vibaya. Februari 2010 Microsoft ilitoa sasisho MS10-015, na mashine nyingi za XP zikaanza kuanguka kwenye skrini ya buluu. Ndani ya siku mbili tatu kampuni ilisimamisha kulisambaza kwa njia ya moja kwa moja, ikachunguza, ikagundua kwamba mashine zilizoanguka zilikuwa tayari zimeambukizwa programu hasidi iitwayo Alureon iliyokuwa imejichimbia kwenye kiini cha mfumo. Mwezi Machi sasisho likarudi likiwa na ukaguzi wa awali: likikuta dalili za maambukizi, halijisakinishi. Oktoba 2018 sasisho kubwa la Windows 10 lilifuta nyaraka za baadhi ya watu, nalo likasimamishwa hadi Novemba. Faili iliyokwisha kukusanywa, ikaingia kwenye flashi ya fundi na kunakiliwa kwa mafundi wenzake, haina wa kuisimamisha. Kosa la wiki ile linaendelea kusakinishwa miaka mitano baadaye kwenye mtaa ambao habari ya marekebisho haikufika.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni uzee. Kifurushi cha mwaka 2016, hata kiwe safi namna gani, hakina kiraka cha tundu lililotumiwa na mnyoo wa WannaCry tarehe 12 Mei 2017. Microsoft ilivunja desturi yake na kutoa kiraka cha XP kwa tukio hilo, na Mei 2019 ikafanya hivyo tena kwa tundu la BlueKeep, lakini viraka hivyo vilitakiwa kushushwa kwa mkono. Mwenye mashine aliyeambiwa kwamba "imesasishwa yote" hakuwa na sababu ya kuvitafuta.

Upo pia upande wa sheria, usio mrefu. Masasisho ni mali ya mtengenezaji, na kuyasambaza tena bila ruhusa huvunja leseni. Agosti 2007 Microsoft iliitaka timu ya AutoPatcher, kifurushi kilichopendwa sana wakati ule, iache kuyasambaza. Mradi ulirudi baadaye ukiwa umebadilika kuwa wa aina ya kwanza, unaoshusha faili kutoka kwa Microsoft yenyewe. Kwa mtu binafsi hatari ya kushtakiwa ni ndogo. Kwa zahanati, shule au ushirika wa akiba na mikopo hali ni nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde kwa njia zinazofaa, na kifurushi kisichojulikana kilikotoka ni kitu kigumu kukitetea mbele ya mkaguzi.

Haifuati kwamba kila kisicho rasmi ni kibaya. Mwisho wa Desemba 2005 kuligunduliwa tundu katika namna Windows inavyosoma picha za WMF, na wezi walikuwa wameshaanza kulitumia. Kiraka rasmi kilikuwa bado. Ilfak Guilfanov, mtaalamu wa kuchambua programu, alitoa kiraka chake, na taasisi ya SANS pamoja na kampuni ya F-Secure zikawashauri watu wakitumie. Kilikuwa kidogo, kiligusa jambo moja, kilikuja na msimbo wake ili yeyote aweze kuusoma, kilichunguzwa na wataalamu wengine kabla ya kupendekezwa, na kiliweza kuondolewa kama programu nyingine yoyote. Tarehe 5 Januari 2006 Microsoft ilitoa chake, na cha Guilfanov kikawa kimemaliza kazi. Sifa hizo ndizo za kupimia kifurushi chochote, na vingi havifikii hata mbili.

Kwa mwenye Windows 10 au 11 sehemu kubwa ya haja imekwisha kuondoka. Tangu 2015 sasisho la kila mwezi la Windows 10 hubeba ndani yake yote yaliyotangulia, kwa hiyo faili moja kutoka kwenye Microsoft Update Catalog, ikishushwa mara moja na kuwekwa kwenye flashi, hufanya kazi ileile ya kifurushi, ikiwa na saini yake. Ofisi yenye kompyuta kadhaa inaweza kuwasha Delivery Optimization, ili mashine moja ikishashusha, nyingine zichukue kwake kupitia mtandao wa ndani badala ya kila moja kula bando. Kwa Windows 7, Microsoft yenyewe ilitoa mwaka 2016 mkusanyo rasmi, KB3125574, wenye masasisho tangu Service Pack 1 hadi Aprili ya mwaka huo. Unahitaji KB3020369 itangulie, na wengi walioukataa kwa kudhani umeharibika walikuwa wameruka hatua hiyo tu. Yule anayetaka chombo cha jumuiya anaweza kuchukua WSUS Offline Update, kilichoanzia kwenye jarida la c't la Ujerumani: nacho ni cha aina ya kwanza, kisichobeba faili za wengine.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft ilitangaza mpango wa kuendeleza masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na ni busara kujiunga nao kabla ya kufikiria vifurushi. Mashine isiyokubaliwa na Windows 11 kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 inaweza kupewa Linux Mint au Ubuntu, zinazopata masasisho rasmi bila malipo. Mwenye kazi ya barua, barua pepe na kivinjari hatapoteza mengi. Mwenye programu ya uhasibu inayokubali Windows pekee ana ugumu wa kweli, na kwake pengine njia ya heri ni kuiacha mashine hiyo bila intaneti kabisa, ifanye kazi hiyo moja, na kazi za mtandaoni zihamie kwenye mashine nyingine.

Atakayeona lazima atumie kifurushi hata hivyo, aanze na nakala ya diski nzima kwenye diski ya nje, kisha aichomoe. Nakala ya folda ya nyaraka peke yake haitarudisha mfumo. Hatua inayofuata ni kudai orodha ya vilivyomo, kwa namba za KB. Kifurushi kisicho na orodha hakina haja ya kuchunguzwa zaidi. Kinachodai antivirasi izimwe, kilichofungwa ndani ya faili ya RAR yenye nywila ili vichunguzi visione ndani, kinachokuja pamoja na programu ya kukraki leseni, au kinachozima Windows Update baada ya kumaliza, hicho kiachwe bila mjadala.

Kilichopita hapo kifunguliwe kwa programu kama 7-Zip bila kuendeshwa, na faili zilizomo ziangaliwe. Kubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua Properties na kisha kichupo cha Digital Signatures huonyesha nani ametia saini na kama saini bado ni nzima. Kichupo kisipokuwepo, faili haina saini iliyopachikwa ndani yake na inahitaji maelezo. Alama ya SHA-256 hupatikana kwa amri ya certutil -hashfile, ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256; jibu ni tarakimu na herufi 64 za kulinganishwa na zilizotangazwa. Ulinganisho huo una maana ikiwa alama imechukuliwa mahali pengine tofauti na faili ilikotoka, kwa sababu aliyeweza kubadili faili kwenye seva anaweza kubadili na alama iliyoandikwa pembeni yake. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye mashine pepe, kwa mfano ndani ya VirtualBox, au kwenye kompyuta isiyo na kitu cha kupoteza. Ipewe siku kadhaa za kazi za kawaida, printa na skana zikiwemo, maana kuwaka vizuri mara moja hakuthibitishi kitu.

Kwenye simu za Android kanuni ni zilezile, pamoja na nyongeza mbili. Kufungua bootloader, programu inayoanzisha mfumo wa simu, ili kupiga mfumo mwingine hufuta data zote na hulegeza kinga inayothibitisha kwamba mfumo haukuguswa, na programu nyingi za benki zikigundua hivyo hukataa kufunguka. LineageOS ikichukuliwa kwenye tovuti yake, kwa modeli ileile ya simu, ni jambo moja. Toleo lenye jina hilohilo lililopitishwa kwenye kundi la WhatsApp ni jambo jingine kabisa.

Mashine iliyokwisha kuwekewa kifurushi cha kutiliwa shaka hutazamwa sehemu chache kwanza. Huduma ya Windows Update iwe inafanya kazi. Faili iitwayo hosts, ndani ya System32\drivers\etc, isiwe na mistari inayopotosha anwani za benki au za kampuni za antivirasi. Orodha ya watumiaji isiwe na msimamizi asiyejulikana, na Task Scheduler isiwe na kazi zenye majina ya ajabu. Kukuta sehemu hizo ziko sawa hakuthibitishi usafi, kama kile kisa cha kizigeu cha EFI kilivyoonyesha, lakini kukuta kasoro kunatosha kuamua. Dawa yake ni kupiga mfumo upya kwa faili iliyoshushwa kutoka kwa mtengenezaji, na wakati wa kusakinisha vizigeu vyote vya diski ya mfumo vifutwe, si C peke yake. Nyaraka zirudishwe zikiwa nyaraka tu, bila programu za zamani. Nywila za barua pepe, benki na pesa za simu zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, barua pepe ikitangulia kwa kuwa ndiyo inayotumika kurejesha nyingine zote.